Kufunga mashua ya tanga kwenye boya bila kuchubua bodi

Nyie mnaoacha mashua kwenye boya pale Entebbe ama Munyonyo, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kinachochubua bodi mara nyingi si upepo mkali, ni upepo ukifa, mashua inasogelea boya inaligonga usiku kucha. Njoo polepole omo (pua ya mashua) ikielekea upepo, funga kamba mbili za nailoni, kila moja na mahali pake pa kufungia kwenye mashua, na pale zinaposuguana na ukingo zivalishe kipande cha mpira wa maji la sivyo zitalika tu. Boya dogo livute lining'inie juu ya maji, likiwa kubwa weka fenda (mto wa kuzuia mgongano) ubavuni (tairi kuukuu linaacha weusi, mi silipendi). Magugu maji yakijazana kwenye kamba yatoe mapema, yanavuta vibaya.