SOMO: Kuacha sigara ukiwa na mtu wa kukushika mkono

Wakuu, salamu kutoka Uyole.

Somo hili naliandika mara moja ili nisilirudie. Kila nikisimama Makambako au Tunduma kuna mtu ananivuta pembeni: "Kaka, uliachaje?" Namweleza robo saa nzima, kesho yake rafiki yake ananipigia kuuliza yaleyale. Sasa yote yako hapa.

Mimi ni dereva wa semi, Dar hadi Tunduma, mara nyingine navuka. Nilivuta miaka 19, fegi 15 kwa siku, na kwenye foleni ya mpakani zilifika hadi 25. Nilijaribu kuacha mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyoshika, na huu ni mwaka wa sita.

Hatua ya 1. Chagua tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, iandike.

Hatua ya 2. Siku tatu kabla ya tarehe, kila unapowasha andika saa na mahali. Mimi niligundua fegi nane kati ya 15 hazikuwa za hamu hata kidogo. Ilikuwa chai ya asubuhi, kumaliza kupanda Kitonga, kusubiri karatasi za mzigo. Saa hizo zitafutie shughuli nyingine mapema.

Hatua ya 3. Mwenzi, yaani mtu wa kukushika mkono unapoacha. Hapa ndipo nilipoharibu, tena mara mbili, kwa hiyo someni taratibu.

Mara ya kwanza kazi hiyo nilimpa kaka yangu mkubwa. Ananipenda, havuti, ana msimamo, nikaona nimepata. Nikatangaza mbele ya familia nzima, siku ya Pasaka, kwamba sigara sigusi tena. Kaka akawa ananipokea mlangoni ananinusa koti, akipata nafasi anapekua kebini. Siku ya 11, nikiwa Tunduma kwenye foleni kwa siku ya pili, nikavuta moja. Moja tu. Ningekuwa na mtu wa kumwambia, pengine ingeishia palepale. Lakini kaka nilimwogopa, nikaificha. Ukishaificha ya kwanza, ya pili haikutishi tena. Nikawa natafuna majani ya mpera, nanunua pipi za mnanaa, koti nalianika nje usiku. Wiki mbili baadaye nimesharudi kwenye 15 zangu, na kaka bado anawaambia watu mdogo wake ameacha. Siku alipojua hakugomba. Alinyamaza. Kile kimya chake nilitembea nacho miezi minane kabla ya kuthubutu kujaribu tena.

Mara ya pili nikapatana na dereva mwenzangu tuliyekuwa tunavuta wote, tuache pamoja. Yeye aliwasha siku ya nne asubuhi, mimi siku ya nne jioni.

Mara ya tatu nilimwomba utingo wangu, kijana wa Igurusi, wakati huo ana miaka 23. Patano letu lilikuwa moja: nikivuta, nimwambie kabla sijavuta ya pili. Na yeye haulizi "kwa nini umefanya hivi", anauliza tu "ulikuwa wapi, na nani?" Nilianguka siku ya 9 na siku ya 34. Zote nilimwambia, zote ziliishia kwenye fegi moja. Ile ya siku ya 34 nilimpigia simu saa nne usiku, akanisikiliza, akasema, "Sawa bosi, kesho tunaendelea na siku ya 35." Sijawahi kumlipa kwa maneno yale.

Tahadhari za hatua hii:

Usimchague mtu ambaye kumwangusha kunakutisha. Utamdanganya, hata kama hujawahi kumdanganya maishani.

Mke au mume mjulishe, lakini usimpe kazi ya uaskari. Nyumba itageuka kituo cha upekuzi.

Mkiacha wawili kwa pamoja, kila mmoja awe na mtu wake wa tatu asiyevuta. Msiegemeane nyie kwa nyie.

Na mwambie mwenzi wako mapema kabisa kwamba siku za kwanza utakuwa na hasira za ovyo. Asizichukue moyoni.

Hatua ya 4. Tupa pakiti, viberiti, kisahani cha majivu na vipisi vyote chini ya kiti. Fua koti. Sisi wa Mbeya koti hatulivui Juni yote, na moshi wake unakuita.

Hatua ya 5. Siku za kwanza. Nikotini haikai sana mwilini, kiasi cha saa mbili nusu yake imeshatoka. Ndiyo maana arosto, yaani mwili kudai nikotini yake, inakuja haraka, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Kuanzia hapo inalegea, na kwa watu wengi wiki ya pili hadi ya nne mwili umetulia. Hamu yenyewe ikija hukaa dakika chache tu. Huhitaji kuishinda siku nzima, vumilia dakika hizo: kunywa maji, menya muwa, zunguka gari ukigonga tairi, mpigie mwenzi.

Madereva, usianze ukiwa safarini. Usingizi unavurugika na akili inatawanyika siku za mwanzo. Mimi nilianza wiki ambayo gari lilikuwa gereji.

Jambo ambalo karibu linirudishe ni kahawa. Nilikuwa nakunywa vikombe vitano vya kahawa ya Mbozi kwa siku. Siku ya tatu mikono ikatetemeka, moyo unadunda, sijalala, nikasema basi, mwili umekataa. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza nakunywa kahawa kiasi gani. Kumbe moshi wa sigara huliharakisha ini katika kuisaga kafeini. Ukiacha sigara, kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na unaihisi kama umekunywa maradufu. Nikashuka hadi vikombe viwili, kesho yake mtetemeko ukapungua. Punguza kahawa kwa nusu siku ileile unayoacha. Chai kali nayo hivyo hivyo.

Hatua ya 6. Mwezi wa kwanza kaa mbali na pombe, iwe bia, ulanzi au kimpumu.

Hatua ya 7. Nunua kibubu, weka humo hela ya fegi kila siku. Mimi ilikuwa 3,000, mwezi ukaisha na 90,000.

Kuhusu dawa: kuna bigijii na plasta za nikotini, na Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Si kila duka la dawa linazo, ulizia famasi kubwa mjini. Mimi sikuzitumia, ila anayezipata azitumie, zinaongeza nafasi ya kufanikiwa. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari.

MASWALI YA WADAU

Chuma cha Sae: Mkuu maelezo marefu sana. Kwa kifupi ni dawa gani?

Dereva wa Uyole: Aya ya mwisho. Na hatua ya 3 isome yote.

Fundi wa Mafiati: Asante sana kaka. Swali: ni bora kukata ghafla au kupunguza kidogo kidogo? Mimi nimeshuka kutoka 20 hadi 10, lakini pale kwenye 10 nimekwama miezi mitatu.

Dereva wa Uyole: Fundi, umeuliza vizuri. Wapo walioacha kwa njia zote mbili. Shida ya kupunguza bila tarehe ni hiyo iliyokukuta. Mwili unadai kipimo chake cha nikotini, kwa hiyo zile 10 unazivuta kwa nguvu zaidi na hadi mwisho kabisa wa kipisi. Jichunguze utaona. Unadhani umepunguza nusu, kumbe moshi unaoingia haujapungua nusu. Weka tarehe, kwa mfano wiki mbili kutoka leo. Wiki hii 7, ijayo 4, halafu sifuri. Na gereji pale tafuta mtu mmoja asiyevuta, hata kama ni yule kijana wa kuziba pancha, mfanye patano. Ukipenda niambie hizo 10 unazivuta saa ngapi, tuzipange pamoja.

Fundi wa Mafiati: Nne ni kabla ya saa nne asubuhi! Sikuwahi kuziangalia hivyo.

Dereva wa Uyole: Basi anza na hizo. Ya kwanza ya siku isogeze mbele saa moja kila baada ya siku mbili.

Mtoto wa Kabwe: Je nikihamia shisha? Ile inapita kwenye maji, inachujwa.

Dereva wa Uyole: Haichujwi. Maji yanaupoza moshi tu. Nikotini ipo, na kaboni monoksaidi ipo, ni gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Watu wa Mbeya tunajua jiko hilo linavyoua usiku wa baridi.

Mtoto wa Kabwe: Na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni?

Dereva wa Uyole: Nikotini ileile, na saratani ya mdomo juu yake. Somo linahusu kuacha, si kuhama.

Mama Wawili: Habari kaka. Mimi sivuti, mume wangu ndiye. Aliacha mwezi mzima, tukafurahi hadi watoto. Jana nafua, nimekuta fegi mbili mfukoni mwa koti. Sijamwambia. Nimeumia kwa kweli. Nifanyeje?

Dereva wa Uyole: Pole sana dada yangu. Nimekaa na swali lako tangu asubuhi, kwa sababu mimi nimekuwa huyo mwenye koti.

Kwanza, mwezi mzima haujapotea. Mapafu yake yamepumzika mwezi, na yeye ameshajua anaweza. Wengi wanaoacha moja kwa moja walishaanguka mara kadhaa kabla. Pili, usiziweke mezani mbele ya watoto, na usizitupe kimyakimya ukasubiri aulize. Mngoje ametulia, mko wawili, mwambie: "Nimeziona. Sijakasirika. Ilianzia wapi?" Halafu nyamaza umsikilize. Utashangaa atakavyokuwa amechoka kuficha. Tatu, muulize kama anataka wewe ndiye uwe mtu wa kuambiwa, au amtafute mwingine. Akisema mwingine usione umekataliwa. Pengine wewe ndiye anayemwogopa kumwangusha kuliko wote.

Mama Wawili: Nimesoma nikalia. Nitaongea naye Jumapili.

Mkulima wa Chunya: Nyie mnapiga vita zao letu. Watoto wetu wanasoma kwa tumbaku. Mkishaacha wote sisi tule nini?

Dereva wa Uyole: Mzee wangu, shikamoo. Sijaandika neno hata moja dhidi ya mkulima. Mizigo ya Chunya nimeibeba na nimekula ugali kwenu. Naandika kwa mtu ambaye kifua chake kinamwambia inatosha. Na kwa kuwa umefika hapa, nikuulize: wakati wa kuchuma, majani yakiwa na umande, huwa mnapata kizunguzungu na kutapika?

Mkulima wa Chunya: Marahaba. Ndiyo, hasa vijana wageni. Tunasema ni jua.

Dereva wa Uyole: Si jua, mzee. Nikotini ya jani bichi inayeyuka kwenye maji na kupita kwenye ngozi. Wavae mikono mirefu na glavu, wasubiri umande ukauke, nguo ikilowa wabadilishe na waoge kwa sabuni. Watoto wasishike kabisa jani bichi.

Mkulima wa Chunya: Hilo hatukuambiwa. Nitawafikishia wenzangu.

Babu Isyesye: Mimi nina miaka 61, nimevuta tangu ujana. Kuna faida gani tena?

Dereva wa Uyole: Ipo, babu, na inaanza leo. Dakika 20 baada ya fegi ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu inashuka karibu nusu pia. Wakati huo utakuwa na miaka 71 na wajukuu wanakupandisha Loleza.

Binti Tukuyu: Nimeacha wiki tatu sasa. Ila nakohoa kuliko nilipokuwa navuta! Ni kawaida?

Dereva wa Uyole: Inatokea. Vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vinaamka na kusukuma uchafu nje. Lakini kikohozi kimeshapita wiki mbili, kwa hiyo nenda kapime kifua kikuu kesho, usisubiri. Kwenye vituo vya serikali kupima ni bure na dawa ni bure. Ukiona damu, jasho la usiku au unapungua uzito, mwambie mhudumu mara moja. Wavutaji tunapata kifua kikuu kirahisi kuliko wengine.

Binti Tukuyu: Ndaga fijo kaka. Nitapita kituo cha afya kesho asubuhi.

Mama Ntilie Makambako: Mimi kwangu madereva wanaoacha nawawekea karanga mbichi na vipande vya tangawizi kwenye kikaratasi. Mkono unapata kazi. Wengine wanataka karafuu, unaitafuna moja ladha ya fegi inaondoka.

Dereva wa Uyole: Karafuu ni kweli. Karanga angalia kipimo, mimi niliongezeka kilo tano. Muwa na mahindi ya kuchoma vinaushughulisha mdomo vizuri zaidi.

Chuma cha Sae: Na harufu ya kebini je, inatoka vipi?

Dereva wa Uyole: Toa mazulia yote, anika siku nzima. Paa la ndani futa kwa maji ya uvuguvugu na siki, hapo ndipo moshi unaganda. Kitambaa kitatoka cha kahawia. Rudia hadi kitoke cheupe.

Semi ya Igawa: Kaka, mimi naanza Jumatatu. Gari linaingia gereji siku tano. Ila sina mtu. Utingo wangu mwenyewe anavuta.

Dereva wa Uyole: Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha. Jumatano ndiyo itakuwa siku yako ya tatu, nami nitakuwa napita Igawa kama saa kumi jioni. Nitasimama.