Somo: Kuchora saketi ya mbio za magari katika mitaa ya Tanga

Wengi mmeniomba nieleze ninavyochora saketi zangu za kubuni. Nitatumia mji wangu, Tanga, kwa kuwa naujua kwa baiskeli, na baiskeli ndiyo kifaa cha kwanza cha kazi hii. Ramani huja baada yake.

Hatua ya 1: Zunguka

Toka Jumapili alfajiri kabla bajaji hazijajaa, pita mtaa kwa mtaa. Picha ya setilaiti haikuonyeshi tuta, wala mtaro ulio wazi, wala lami iliyoinuliwa na mizizi ya mwembe. Shuka, hesabu hatua kutoka ukingo hadi ukingo, andika kwenye daftari. Saketi mpya ya Formula 1, yale mashindano ya dunia ya magari ya kasi, hutakiwa kuwa na upana wa mita 12 angalau, na mita 15 pale magari yanapojipanga kuanza. Baku, Azerbaijan, wana kipande cha mita 7.6 kando ya ukuta wa mji mkongwe, na hapo hakuna anayethubutu kumpita mwenzake. Kipande chembamba namna hiyo kinanoga, ila kiwe kimoja tu.

Mifuniko ya chemba nayo usiipuuze. Gari la Formula 1 hunyonya lami linapopita. Las Vegas mwaka 2023, kwenye mazoezi ya kwanza, mfuniko wa valvu ya maji uling'oka ukalipasua tumbo gari la dereva Carlos Sainz. Mimi kila mfuniko nautia alama ya X kwenye daftari.

Hatua ya 2: Sikiliza sura ya mji

Hapa ndipo saketi nyingi mnazonitumia zinapoharibika. Ngamiani ina barabara zake za namba, zimenyooka na kukatana kama ubao wa drafti. Anayeanza huipenda kwa sababu rula inatosha. Lakini matokeo yake ni kona za nyuzi 90 tupu: breki, kata, kanyaga, breki tena. Phoenix, Marekani, walikimbia katika mji wa namna hiyo kuanzia 1989 hadi 1991, na lawama zilikuwa hizo hizo. Chukua kona mbili tatu za Ngamiani kisha uache. Upande wa bahari, barabara ya kwenda Raskazone inapinda polepole, na dereva anapita huku amekanyaga mafuta, ukuta uko pembeni yake. Kona moja ya hivyo naithamini kuliko kumi za mraba.

Saketi yangu ya kwanza ilivuka reli ili ipate pande zote mbili za mji. Niliipenda sana, nikaitupa baada ya wiki tatu. San Jose, Marekani, mwaka 2005 magari ya mbio yalivuka reli za treni ya mjini, yakarushwa hewani. Gari lenye tumbo linalokaribia kugusa lami haliwezi kuvuka reli kwa kasi.

Hatua ya 3: Weka mahali pa kupitana

Njia nyoofu ndefu, mwisho wake kona ya polepole. Basi. Pembeni ya njia hiyo acha eneo la wazi la kujenga piti, mahali magari yanapoingia kubadilishwa matairi.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Tuseme mzunguko wako ni km 4.2. Mbio za Formula 1 huvuka km 305, kwa hiyo ni mizunguko 73. Wastani ukiwa km 150 kwa saa, mzunguko mmoja unachukua sekunde 100.8, na mbio nzima zinapita saa mbili, ambao ndio ukomo. Rudi ukafute kona moja ya polepole. Ukifika wastani wa km 160, unamaliza kwa saa 1 na dakika 55.

Maswali ya wanachama

Kutoka Makorora: Kaka, ukipita Raskazone, Hospitali ya Bombo unaifanyaje?

Swali zuri, dada yangu. Hospitali haifungiwi kamwe. Geuza kabla ya kuifikia, na barabara ya gari la wagonjwa ibaki wazi kutoka mjini hadi getini. Hata kama saketi ni ya kubuni, mimi simchorei mtu mji ambao mama mjamzito hawezi kufika Bombo.

Kutoka Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Sina kompyuta, nitapimaje urefu?

Marahaba. Tia alama ya chaki kwenye tairi la baiskeli, lizungushe mara moja chini, pima kwa futi kamba ulipoanzia na ulipoishia. Kisha hesabu mizunguko ya tairi njia nzima, uzidishe kwa kipimo hicho. Ukipata simu, rula ya Google Earth itakuhakikishia.

Kutoka Bagamoyo: Na sisi je? Nataka ipite Mtaa wa India, katikati ya Mji Mkongwe.

Ndugu yangu, magari hayo hayatoshi pale, na kuta zile za mawe ya matumbawe ni urithi wetu sote. Zungushia magari nje ya Mji Mkongwe. Mtaa wa India uuchoree mbio za baiskeli, uniletee niuone.