Fremu za Ukutani: Namna ya Kumkagua Mtaalamu wa Homeopathi Kabla Hujalipa

Ukiingia kwenye kliniki ya tiba mbadala mjini, ukuta wa mapokezi huwa umejaa fremu. Usizihesabu, zisome. Cheti cha BRELA kinasema jina la biashara au kampuni limesajiliwa, basi. Hata mwenye duka la mitumba anaweza kuwa nacho. TIN ni ya kodi. Leseni ya biashara inamruhusu kufungua mlango asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kama aliye chumba cha ndani anaweza kutambua mtoto mwenye malaria kali. Unayoitafuta ni karatasi ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chombo cha Wizara ya Afya kilichoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Homeopathi, tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, iliyoanzishwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwishoni mwa karne ya 18, kwetu Tanzania Bara inahesabiwa upande wa tiba mbadala.

Usajili wa mtu, wa kituo na wa dawa ni vitu vitatu tofauti, na hapo ndipo watu hupigwa changa la macho. Cheti cha kituo kinaning'inia kwa majivuno, kumbe anayekuhudumia leo ni mwingine kabisa aliyekuja kushika zamu. Sema kwa upole: "Samahani dada, naomba kuona cheti cha Baraza cha mtaalamu atakayenihudumia, siyo cha kituo." Linganisha jina na la aliye mbele yako, angalia tarehe ya kuisha muda, nakili namba. Mwenye karatasi halali hana sababu ya kununa. Ukianza kuzungushwa, peleka jina na namba kwa mratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa halmashauri. Ukimkosa, anzia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kwa Zanzibar uliza kulekule, maana afya si jambo la Muungano na visiwani wana sheria na baraza lao.

Kisha tazama "Dkt." iliyotangulia jina. Madaktari wa Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kusajiliwa kwenye tiba mbadala hakumwingizi mtu huko. Muulize amesoma wapi na kwa muda gani. Digrii ya homeopathi ya India, BHMS, huchukua miaka 5 na nusu, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo ukiwemo. Afrika Kusini ni miaka 5 ya chuo kikuu, halafu usajili wa kisheria. Cheti cha kozi ya wiki chache mtandaoni hakikai meza moja na hizo, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu.

Sasa shika chupa. Kwenye lebo kuna jina la Kilatini, namba na herufi. X au D maana yake dawa imezimuliwa mara 10 kwa kila hatua. C ni mara 100. Kwa hiyo 6X ni sehemu 1 katika 1,000,000. Ukifika 12C ni sehemu 1 katika namba yenye sifuri 24, na kwa hesabu ya kemia hapo hutegemei kubaki hata na molekuli moja ya kitu cha mwanzo. 30C ina sifuri 60. Ndiyo maana vidonge vya "Arsenicum album 30C", pamoja na jina lake la kutisha la sumu ya aseniki, vikitengenezwa inavyotakiwa ni sukari.

Cha kuogopa ni namba ndogo. 1X, 2X na 3X za belladonna au aconitum bado zina mmea wenyewe, na mimea hiyo ni sumu. Chupa yenye alama Q ni tincture mama, yaani dondoo ya mwanzo, ambayo haijazimuliwa hivyo na mara nyingi ina alkoholi nyingi. Usimpe mtoto ukidhani ni maji. Kuzimua nako hukosewa. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba baadhi ya vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno vilikuwa na belladonna isiyolingana na lebo, vingine ikizidi mno. Cheti cha mtaalamu kisingezuia hilo. Kasoro ilikuwa kiwandani.

Mabishano kuhusu serikali kuwasajili wataalamu wa homeopathi yanakwama palepale. Wanaotaka usajili husema mtu asiye na namba hashikiki. Wanaopinga husema serikali inaikopesha heshima yake tiba isiyothibitika: tathmini ya baraza la utafiti wa afya la Australia, NHMRC, ya mwaka 2015 haikupata ugonjwa wowote wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inautibu. Ontario, Kanada, waliamua kusajili, na tangu mwaka huohuo 2015 cheo cha mtaalamu wa homeopathi kinalindwa na sheria. Uingereza hawana sheria hiyo. Chama kikubwa cha wataalamu wa homeopathi kilikuwa na rejista ya hiari, na ithibati yake iliposimamishwa mwaka 2021, wanachama waliendelea na kazi kama kawaida. Kwa maoni yetu, bora usajili wenye meno kuliko kuacha holela, ila usisome kwenye cheti kisichoandikwa humo. Kinakuambia nani wa kumshitaki. Hakikuambii kwamba utapona.

Yapo mambo ambayo hata mwenye cheti safi hupaswi kumkubalia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kutumia homeopathi kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua makali na kuhara kwa watoto. Mtoto mwenye homa apimwe kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa takriban dakika 15 hadi 20, na dawa mseto ya malaria, ALu, humezwa jumla ya mara 6 ndani ya siku 3. Ukiambiwa uache ARV, insulini au dawa za TB "ili mwili usafishwe", simama uondoke. Usidai kurudishiwa pesa siku hiyo, utapoteza muda.

Malalamiko mengi hufa kwa kukosa ushahidi. Wagonjwa hupewa vidonge kwenye bahasha nyeupe iliyoandikwa "1", "2", "3", wakimaliza wanaitupa. Kabla hujatoka, dai jina la dawa, namba na herufi yake viandikwe, pamoja na risiti yenye tarehe. Piga picha tangazo lililokuvuta, maana hufutwa haraka. Barua iende kwa Msajili wa Baraza, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, ikitaja namba ya cheti uliyonakili siku ya kwanza. Na kama vidonge "vya sukari" vimeyeyusha maumivu ya viungo kwa saa chache tu, halafu uso ukaanza kuvimba, wahi hospitali ukiwa navyo: huenda vimechanganywa na steroidi, dawa kali za hospitali. Bakiza vichache kwenye chupa ileile, usivihamishe, ili vikihitaji kupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali viwe na lebo yake.