Halloween Bila Kuvunja Kibubu: Anza na Koti

Mwaka wetu wa kwanza Minnesota, Marekani, nilinunua gauni la binti wa mfalme, dola 35, kitambaa chepesi kama karatasi ya kufungia maua. Jioni ya tarehe 31 Oktoba binti yangu alilivaa dakika kumi tu, tena ndani ya nyumba. Tulipofungua mlango baridi ikatupiga usoni, nikamvalisha koti juu yake, na skafu, na kofia ya sufu. Kila nyumba tuliyobisha hodi waliona mtoto mwenye koti la bluu. Mzee mmoja akamuuliza, "Na wewe leo umekuwa nani?" Akafungua zipu kidogo amwonyeshe gauni, akaifunga haraka. Dola 35 zilikwenda hivyo.

Tangu siku ile nyumbani kwetu tunaanza na koti. Kwanza tunauliza: mtoto atavaa nini asipigwe na baridi? Kisha ndipo tunauliza: juu ya hilo koti, au kichwani, tumpachike nini? Ukilishika hili, nusu ya gharama imeshaondoka, maana vinavyovaliwa juu ya koti vingi ni katoni, soksi kuukuu na nyuzi. Wenyeji wa huku bado wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilipoanza kudondoka siku hiyohiyo na kukoma tarehe 3 Novemba, ikaacha kina cha inchi 28 Minneapolis na karibu inchi 37 Duluth. Miaka mingi haifiki huko, lakini jua linatua kama saa kumi na mbili jioni na baridi inashuka nalo. Mliopo Texas na Florida shida yenu ni jasho. Someni tu, mtajua cha kupunguza.

Kwa aliyefika juzi

Watoto huvaa mavazi ya kuigiza, hupita nyumba kwa nyumba jioni, husema "trick or treat" mlangoni na kupewa pipi. Nyumba iliyowasha taa ya barazani inakaribisha, iliyozima haitaki wageni, na hakuna anayekasirika. Nawe ukitaka kulala mapema kwa sababu una zamu ya alfajiri, zima taa. Saa hutangazwa na mji au mtaa, kwa hiyo uliza. Des Moines, Iowa, kwa mfano, watoto kwa miaka mingi walipita tarehe 30, na mlangoni walitakiwa watoe kichekesho kabla ya kupewa pipi.

Bibi ya wanangu huko Tanga akiona picha kwenye WhatsApp huuliza kama tumeanza kuwavisha wajukuu ushetani. Namwambia jina Halloween lenyewe linatokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Ndani yake kuna mila za zamani za Waselti, watu wa kale wa Ulaya ya magharibi, za kufunga msimu wa mavuno, na Wairishi waliohamia Marekani ndio waliokuja nayo, wakaacha kuchonga taa kwenye tanipu, mizizi ya mviringo waliyoizoea kwao, wakahamia kwenye maboga. Bibi husikiliza, kisha husema, "Haya, lakini pembe usiwavishe." Pembe sijawahi kuwavisha. Kila nyumba ina dini na mipaka yake, na sikuja hapa kumshawishi mtu. Yapo makanisa yanayofanya shughuli ya kwao, watu wanaegesha magari uwanjani, wanapamba mabuti yake na kugawa pipi humo, na vazi linalotakiwa ni la mnyama au la kazi, basi. Ninayoyaeleza hapa karibu yote yanafaa huko pia.

Daladala ya katoni

Hili ndilo vazi langu la kujivunia, na halijawahi kunigharimu zaidi ya dola tatu. Tafuta katoni kubwa ya nepi, au nenda dukani waombe katoni za ndizi, mara nyingi wanazitupa. Kata kitako na mfuniko, ibaki fremu ya pande nne. Mtoto anasimama ndani, ukingo wa juu uwe kiunoni. Pachika mikanda miwili kutoka mbele kwenda nyuma ipite mabegani. Mimi hutumia mikanda ya begi la shule lililochakaa, kwa sababu kamba nyembamba humkata mtoto bega hata akiwa na koti. Pale mkanda unapoingia kwenye katoni weka teipu pana ndani na nje kabla ya kutoboa, la sivyo nyumba ya tano tu imeshachanika.

Magurudumu ni sahani za karatasi zilizopakwa rangi nyeusi. Taa za mbele ni foili ya jikoni, na ukibandika vitochi viwili vidogo nyuma yake, basi dereva wa kweli barabarani anamwona mwanao kabla hujapiga kelele. Rangi ya maji itakwisha na mvua, kwa hiyo rangi ya ukutani iliyobaki kwenye kopo ndiyo bora. Zungusha mstari wa rangi ubavuni kama daladala za Dar, andika Mbagala – Kariakoo kwa mbele, na nyuma andika ule msemo uliokuwa ukiusoma ukiwa umekwama kwenye foleni. Wa Nairobi watafanya matatu, na wasisahau mstari wa njano wa sheria za waziri Michuki za 2004. Wa Kampala, Kigali na Bujumbura pikipiki inawezekana pia, ila ni kazi zaidi, usukani unalegea.

Uzuri wake ni kwamba familia nzima inapanda. Mkubwa ni konda, anakunja noti za kuchezea katikati ya vidole na kuchezesha sarafu mkononi, anaita abiria. Baba ni trafiki, fulana yake ya kazini ile yenye milia ya kung'aa inatosha. Mtoto mchanga kwenye kigari ni mzigo wa juu ya keria, mzungushie kikapu na mkungu wa ndizi wa karatasi. Majirani Wamarekani hawataelewa nusu ya utani, lakini watapiga picha. Siku ukikutana na Mtanzania mwenzio mtaani, utasikia "Suka, shusha!" kutoka ng'ambo ya barabara.

Onyo moja: katoni haiingii kwenye kiti cha gari. Iweke butini, avae mkifika.

Mengine, kwa haraka na kwa uvivu

Buibui. Nasema mdudu, si lile vazi la shangazi, ingawa jina ni moja na watoto wangu wamecheka hilo mwezi mzima. Koti jeusi au sweta jeusi lenye kofia. Mtoto ana mikono miwili na miguu miwili, unahitaji miguu minne ya ziada: taiti mbili nyeusi zilizotoboka, zijaze magazeti au sufi za mto wa zamani, zishone ubavuni, mbili kila upande. Siri iko kwenye uzi. Funga uzi kutoka kifundo cha mkono kwenda mguu bandia wa kwanza, kisha wa pili, ili akiinua mkono yote inyanyuke pamoja. Bila uzi utakuwa na mtoto aliyening'iniza soksi.

Mzuka wa shuka kila mtu anaujua na kila mtu anaukosea. Shuka huteleza, matundu ya macho yanahamia shavuni, mtoto anajikwaa ngazini. Mvalishe kwanza kofia ya kapelo, weka shuka juu, libane na kofia kwa pini, ndipo upime macho na kukata matundu makubwa. Kisha kata chini, liishie juu ya vifundo vya miguu.

Simba anatoka kwenye kofia ya jaketi: funga vipande vya nyuzi za kahawia na njano kuzunguka ukingo wake, virefu, vingi, usione aibu kuvijaza. Mkia ni soksi. Hili ni kazi ya kipindi kimoja cha mpira.

Maiti iliyoviringishwa vitambaa, usiifanye kwa karatasi ya chooni kama video zinavyoonyesha. Inachanika, ikinyeshewa inageuka uji, na inashika moto upesi. Chana shuka kuukuu vipande, viloweke usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea vipate ule ukale, kisha vishone juu ya nguo nzito za ndani za baridi.

Ajuza au babu: sweta la vifungo, miwani isiyo na vioo, mkongojo, poda nyeupe nywelini. Usiitupe hiyo seti. Shule nyingi za msingi Marekani husherehekea siku ya mia ya masomo, kama Februari hivi, na watoto huombwa waje wakiwa wazee wa miaka mia. Walio Uingereza nao wana Siku ya Vitabu Alhamisi ya kwanza ya Machi, watoto huenda shule wamevaa kama wahusika wa vitabu, simba na ajuza watapata kitabu cha kuingia.

Na kwa mzazi aliyetoka zamu akakuta ni leo: mtoto avae sare yako ya unesi iliyofuliwa, ikunjwe mikono, avae juu ya sweta. Kitambulisho chako cha kazi kibaki kwenye droo. Wengi wetu huku tunafanya kazi za kulea wagonjwa, sare hazikosekani.

Kanga ndiyo, Umasai hapana

Kuna wanaomvisha mtoto shuka la Kimaasai na rungu siku ya Halloween. Mimi siafiki. Shule nyingi huandika kwenye barua zao kwamba mavazi ya utamaduni wa watu yasigeuzwe igizo, na wako sahihi. Ukimpeleka wako hivyo, mwenzake naye atataka lake mwakani, utamkatazaje? Siku za utamaduni shuleni zipo, na rungu kwa vyovyote halipiti mlango wa shule, sawa na panga la plastiki.

Kanga kama kitambaa ni jambo jingine. Inatoa mbawa za kipepeo nzuri kuliko za dukani: katikati ya pindo ibanwe mgongoni, pembe zifungwe viwiko. Au iwe joho la shujaa. Mwaka jana mwanangu wa kiume alipita mtaa mzima na maneno mgongoni, "Mgeni njoo mwenyeji apone," na kwa kazi ya kugonga milango ya watu sijui maneno gani yangefaa zaidi. Usiifunge shingoni. Ibane mabegani kwa pini, ili ikinaswa na kichaka isimkabe.

Akija akisema wenzake wamemwambia hawezi kuwa mhusika fulani kwa sababu ya rangi yake, mwambie anaweza. Kisha mvalishe hilo vazi na umpeleke.

Ununue wapi, na nini kabisa

Mitumba ile tuliyoichambua Karume na Gikomba, huku ndiko inakotoka. Maduka ya mitumba ya Goodwill, Savers na Salvation Army huweka mavazi ya Halloween mbele kuanzia Septemba, lakini mimi hupita kwenye sehemu ya nguo za kawaida, ambako sweta jeusi ni nafuu kuliko lile lililoandikwa "buibui". Vikundi vya Buy Nothing, ambako majirani hupeana vitu mtandaoni, ni bure kabisa. Andika unachotafuta na saizi, utashangaa nani anakujibu. Ndoo ya plastiki ya pipi usinunue, foronya inabeba zaidi.

Fedha uliyookoa itumie kwenye rangi ya usoni nzuri badala ya kinyago. Kinyago kinaziba macho, na kwenye baridi pumzi inakilowesha kwa ndani. Paka kidogo mkononi siku moja kabla uone kama ngozi inawasha. Kijana wako akitaka lenzi za macho za rangi, ajue kwamba Marekani ni kosa kuuza lenzi hizo bila cheti cha daktari wa macho, na zile za mtandaoni zinaweza kumharibia jicho.

Maboga barazani huwa na mishumaa ya kweli, na kanga, mapazia na mashuka ya pamba yanashika moto haraka. Ndiyo maana nimesisitiza urefu uishie juu ya vifundo. Kata teipu inayoakisi mwanga, ibandike mgongoni na kwenye foronya.

Upande wa pipi, usijaribu kugawa mandazi wala kashata. Nilijaribu. Wazazi wanashukuru sana, wakifika nyumbani wanatupa, kwa sababu chochote kisicho kwenye karatasi ya kiwandani hakiliwi. Boga la rangi ya samawati-kijani barazani, kampeni iliyoanza kuenea mwaka 2014, maana yake nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa watoto wenye mzio. Ndugu Waislamu, soma kila pipi laini ya kutafuna: gelatini ya Marekani mara nyingi ni ya nguruwe. Sisi tuna jirani Msomali tunayebadilishana naye mezani usiku huohuo, wao hutupatia hizo, sisi tunawapa chokoleti, na watoto hujadiliana bei kama wako Kariakoo.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, kama huna zamu, wahi dukani. Mavazi yaleyale ya dola 35 hushuka nusu bei au chini yake. Chukua saizi mbili mbele. Kabatini kwangu kuna popo wa miaka minane anayemsubiri mtoto wa miaka sita, na ni mpana, nimeshampima akiwa na koti.