Kabla Spyder Haijaukataa Ufunguo Wako

Mwenye bajaji akipoteza ufunguo, anamwendea fundi wa funguo kando ya barabara, anachongewa mwingine, anarudi kazini. Mwenye Can-Am Spyder hana njia hiyo. Pikipiki hii yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma ilianza kuuzwa mwaka 2007, na walioibuni ni BRP, kampuni yenye makao yake Valcourt, mkoa wa Quebec, Kanada. Hao hao ndio wenye Ski-Doo za thelujini na Sea-Doo za majini, na ufunguo wenye siri umetoka huko huko: mfumo wenyewe unaitwa DESS. Kichwani mwa ufunguo mna chipu yenye namba yake. Ukiuingiza, moduli ya ulinzi inaisoma namba hiyo bila waya na kuilinganisha na zile zilizosajiliwa. Zikipatana, kompyuta ya injini inaruhusu pikipiki iwake. Zisipopatana, utauzungusha ufunguo, dashibodi itawaka kama kawaida, lakini injini haitaitika.

Tatizo ni kwamba hitilafu ya namna hii haina dawa barabarani. Plagi unaweza kubadilisha chini ya mwembe, moduli huwezi. Kwa hiyo karibu kila kitu cha maana kinafanywa nyumbani, pikipiki ikiwa nzima.

Anza na ufunguo wa pili. Sina maana ya kuwa nao tu. Wengi wanao, umelala kwenye droo tangu siku walipoinunua pikipiki. Utoe, uwashie pikipiki leo, kisha rudia walau kila baada ya miezi michache. Ufunguo wa akiba usiojaribiwa ni kipande cha chuma. Ukisafiri, usiuweke kwenye buti la pikipiki hiyo hiyo, kwa sababu utaufungia ndani siku unapouhitaji. Mpe abiria wako au uuweke kwenye mfuko wa ndani wa koti. Wala usizitie funguo zote mbili kwenye pete moja: chipu mbili zikikaribiana mahali pa kusomea, moja inaweza kuivuruga nyingine.

Faida ya ufunguo wa pili si kukufikisha nyumbani tu. Ni kipimo cha bure. Wa kwanza ukikataliwa na wa pili ukakubaliwa, ugonjwa uko kwenye ufunguo, na moduli haina kosa. Zikikataliwa zote mbili, basi tafuta kwingine: betri, fyuzi, waya, sehemu inayosoma chipu, na mwisho kabisa moduli yenyewe. Nimesema mwisho kwa makusudi. Moduli hushtakiwa mapema mno, pengine kwa sababu ndiyo ambayo hakuna anayeielewa.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza siku zote ni betri. Betri iliyochoka bado inawasha taa na dashibodi, hivyo mwenyewe anaapa kwamba umeme upo. Lakini stata inapovuta, umeme unashuka ghafla na vifaa vya elektroniki vinaanza kupayuka: maonyo matatu manne kwa mpigo, likiwemo la ufunguo. Ukiona maonyo yasiyohusiana yamejaa kwenye kioo kwa wakati mmoja, usiagize moduli. Chukua mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikianguka chini ya 10 wakati stata inazunguka, umepata jibu bila kumlipa mtu. Kaza na vichwa vya betri, maana nati iliyolegea huleta vituko hivyo hivyo. Kwa walioko Kanada au kaskazini mwa Marekani, ambako pikipiki inalala miezi kadhaa kungoja theluji iishe, chaja ndogo ya kutunzia betri ni lazima. Kwa walioko Muscat au Dubai, adui ni joto, na betri hufa huku ikionekana nzima.

Kuna pia lile la aibu kidogo, la pikipiki isiyo na ubaya wowote. Baada ya kuzungusha ufunguo, Spyder hukutaka kwanza usome kadi ya usalama na ubonyeze kitufe kukiri kwamba umesoma. Usipobonyeza, haiwaki. Swichi ya kuzima injini kwenye usukani ikiwa imezimwa, haiwaki pia. Mtu aliyeazima pikipiki, au mwenyewe aliyetoka likizo ndefu, anaweza kulaani DESS nusu saa nzima kwa kosa la kidole. Hatua za kuwasha zilizomo kwenye kitabu cha toleo lako ziandike kwenye karatasi na uitie chini ya kiti.

Maji nayo. Unapoosha, usielekeze bomba la presha kwenye swichi ya ufunguo wala nyuma ya dashibodi. Pini zikishika ukungu wa kijani, mawasiliano yanakatika na kurudi, na hiyo ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote, kwa sababu kwa fundi inawaka vizuri. Dawa yake ni simu yako. Siku ikikataa, kabla hujafanya lolote rekodi video ya dashibodi tangu ufunguo unapozungushwa, maandishi yote yaonekane, na useme kwa sauti kama ilikuwa imenyeshewa au imesimama juani. Fundi mwenye video anajua pa kuanzia. Fundi anayeambiwa "juzi ilikataa" atabadilisha vipuri kwa kubahatisha, na bili ni yako. Piga picha kisanduku cha fyuzi pia, na beba fyuzi za akiba zenye ampea zile zile. Usiweke kubwa zaidi eti ili isiungue tena.

Usajili wa ufunguo mpya unafanywa na wakala kwa programu ya BUDS ya BRP, na pikipiki yenyewe lazima iwepo. Kwa hiyo jua sasa hivi wakala aliye karibu na njia unayopita yuko wapi, na uwe na namba ya chasisi pamoja na uthibitisho wa umiliki kwenye simu. Hakuna wakala makini atakayemsajilia ufunguo mtu asiyeweza kuonyesha kwamba pikipiki ni yake. Na wanaojitolea "kuiruka" DESS kwa kuunga waya mbili, waache. Ruhusa ya kuwasha inatoka kwenye kompyuta ya injini, na unaweza kuishia na vitu viwili vilivyokufa badala ya kimoja.

Hilo la usajili linawahusu zaidi wanaotaka kununua iliyotumika na kuisafirisha kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam. Kabla ya kulipa, dai funguo mbili na uione kila moja ikiwasha injini, hata kwa video. Pikipiki yenye ufunguo mmoja, ikipelekwa mahali pasipo na mtu mwenye BUDS, iko hatua moja tu na kuwa pambo la uani. Moduli iliyochomolewa kwenye pikipiki nyingine nayo haitakuokoa kwa kuichomeka tu.

Halafu piga simu kwa bima yako uulize swali moja: mnabeba pikipiki ya magurudumu matatu? Toleo la RT, la safari ndefu, lina zaidi ya kilo 400 na upana wa kama mita moja na nusu, na gari lenye vishikio vya pikipiki ya kawaida haliwezi kulichukua. Linabebwa juu ya gari la sakafu bapa, halikokotwi. Kwenye matoleo ya nusu otomatiki gia hazibadilishiki injini ikiwa imezimika, kwa hiyo likizimika likiwa kwenye gia hutaweza kulitoa humo. Mweleze dereva kabla hajafika, asije na gari lisilofaa saa nne usiku.