Namna ya Kumfuatilia Msafiri wa Meli za Skandinavia za Zamani Ukiwa Uganda

Mwalimu wa historia wa Kampala au Jinja anayetaka darasa lake limfuatilie msafiri mmoja wa Skandinavia aliyevuka Atlantiki anaweza kuifanya kazi hiyo kwa intaneti tu, mradi aanze na mwaka wa safari kabla ya kutafuta meli. Mwaka ndio unaoamua njia. Wakati wa uhamaji mkubwa wa karne ya 19, Waswidi wengi walipanda meli kutoka Göteborg, bandari ya Uswidi, hadi Hull, bandari ya mashariki mwa Uingereza, wakakatiza Uingereza kwa treni mpaka Liverpool, na huko ndiko walikoingia meli kubwa ya New York. Meli za kampuni ya Norwei, Norwegian America Line, zilianza kuvuka Atlantiki moja kwa moja mwaka 1913, na za kampuni ya Uswidi, Swedish American Line, mwaka 1915; Denmark ilikuwa imezitangulia.

Ukishaujua mwaka, fungua Digitalarkivet, hifadhi ya nyaraka ya Norwei isiyotoza ada, au orodha za abiria walioshukia Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York kilichofunguliwa mwaka 1892. Jaribu tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa Andersson wa Göteborg huweza kuandikwa Anderson. Ukimpata, soma mstari wake wote: umri, kazi, mji alikotoka, nani alimlipia tiketi, ana fedha kiasi gani na anakwenda kwa nani. Safu ya mlipaji ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa maana kaka aliyetangulia Minnesota akamtumia mdogo wake tiketi anaonekana hapo waziwazi, na mwanafunzi wetu ambaye karo yake hulipwa na shangazi aliye Dubai ataelewa bila kufafanuliwa.

Jihadhari na majina ya meli, maana yalirudiwa. Stockholm ya mwaka 1915 siyo ile iliyogongana na meli ya Italia, Andrea Doria, usiku wa Julai 25, 1956. Gripsholm nazo zilikuwa mbili: ya 1957, na ile ya 1925 iliyotangulia meli nyingine za abiria za Atlantiki kuendeshwa kwa injini za dizeli.

Mwisho, pakua picha ya ukurasa mzima na kuichapisha kwenye karatasi kubwa, kwani mwandiko wa makarani husomeka kwa shida kwenye simu, kisha wanafunzi waichore njia yote ya msafiri huyo kwenye ramani, bandari kwa bandari.