Somo: Choo cha umma, angalia kwanza kabla hujakaa

Wapendwa, hili somo naliandika kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Siku moja safarini alitoka chooni na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, alikuwa amezungusha kila kitu pale kwenye koki na maji hayakutoka, na kuuliza akaona aibu. Hakuna aibu hapa jamani, hivi vyoo kila kimoja kina mtindo wake.

HATUA YA 1. Kabla hujafunga mlango angalia vitu vitatu: komeo, tishu au maji ya kutawazia, na pa kuflashia. Kama kimoja hamna, hamia choo kingine mapema. Ukishafunga, vuta mlango ujue kweli umefunga, na kumbuka komeo umelizungushia upande gani, maana wengi wanaogopa kwenye kutoka sio kwenye kuingia.

HATUA YA 2. Flashi. Vitufe viwili maana yake kidogo ni haja ndogo, kikubwa ni haja kubwa, mara nyingi kama lita 3 kwa lita 6, mtindo huu ulianzia Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama huoni kitufe juu ya tanki angalia pembeni ya tanki, ukutani nyuma, mnyororo juu, afu sakafuni maana vingine unakanyaga pedeli. Ukiona kijicho cheusi nyuma yako hiyo ni sensa, inarusha mwanga ambao macho hayaoni, mwanga ukigonga mwili unarudi inajua mtu yupo, ukiondoka ndo inamwaga maji. Isipomwaga tafuta kitufe kidogo karibu na hicho kijicho, vingi vinacho.

HATUA YA 3. Choo cha kuchuchumaa: toa simu mfuko wa nyuma, kunja suruali, kanyaga kwenye zile alama za miguu. Vile vya Japani vina kingo imeinuka upande mmoja, unaielekea hiyo kingo.

HATUA YA 4. Koki, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Isiyo na mpini wala kitufe ni ya sensa: weka mikono chini ya mdomo wa koki, TULIZA sekunde moja mbili, ukipungapunga haikusomi vizuri. Ikigoma sogeza mikono karibu zaidi au hamia sinki la pili, saa ingine betri imekwisha tu. Ya kubonyeza inajikata yenyewe, kwa hiyo lowesha, paka sabuni, sugua sekunde 20 ndo ubonyeze tena. Ukikosa vyote chungulia chini ya sinki, kuna za kusukuma kwa goti au mguu.

HATUA YA 5. Mashine ya kukausha yenye uwazi juu: ingiza mikono kwa juu, vuta taratibu. Basi.

MASWALI

Swali: Mwanangu ana miaka minne, flashi ya sensa ilimwagika akiwa bado amekaa, sasa hataki tena vyoo vya nje. Nifanyeje?
Jibu: Pole yake. Watoto wadogo sensa inawapoteza wakijisogeza. Ziba kijicho kwa kipande cha tishu, itadhani mtu bado yupo. Akishashuka na kusogea mlangoni ndo utoe.

Swali: Mimi sioni kabisa. Koki nitaijuaje ni ya aina gani?
Jibu: Asante kwa swali hili. Fuata ukingo wa sinki mpaka katikati upande wa ukutani, gusa koki juu na pembeni. Ukikuta mpini au kitufe, tumia. Ukikuta laini tupu, shusha mikono chini ya mdomo wake utulie. Angalia tu, sabuni nayo saa ingine ina mdomo kama wa koki, ila huwa mfupi.

Swali: Uingereza nimekuta kamba nyekundu inaning'inia choo cha walemavu, ndo flashi?
Jibu: Hapana, usiivute, hiyo ni ya kuita msaada. Na ukiikuta imefungwa juu naomba sana uifungue ishuke mpaka karibu na sakafu, maana aliyeanguka anaitafuta akiwa amelala pale chini.